Chumba kizuri, picha mbaya: dalili, chanzo na marekebisho

Nikiingia chumba cha hoteli kukipiga picha, jambo la kwanza ninalofanya ni kuzima taa zote. Zote, hata ile ndogo ya bafuni. Kisha nafungua mapazia mpaka mwisho na kusimama mlangoni bila kamera mkononi, nikiangalia mwanga unaingilia wapi, unagonga nini, unaishia wapi. Wenye hoteli wengi hushangaa, maana huwa wameshaniwashia kila kitu: taa za dari, taa za kando ya kitanda, televisheni, hata feni. Wanaamini mwanga ukiwa mwingi ndipo picha hupendeza.

Nimefanya kazi hii Kampala, Entebbe, Jinja na huko magharibi mpaka Kisoro, kwenye hoteli za ghorofa na kwenye nyumba za wageni zenye vyumba sita. Matatizo ninayoitiwa ni yale yale, na karibu yote hayatokani na kamera. Ama mwanga wa aina mbili tatu unagombana ndani ya chumba kimoja, ama kamera imesimama mahali pasipofaa. Kwa hiyo hata mhudumu mwenye simu tu anaweza kuyarekebisha, ilimradi ajue dalili anayoiona imetoka wapi. Tafuta hapa chini inayofanana na picha yako. Ukikuta una dalili tatu kwa pamoja, anza na ya mwanga. Mara nyingi mbili zilizobaki huondoka nayo.

Dirisha limeungua jeupe, chumba kimebaki gizani

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Dirisha ni pande la weupe mtupu, ziwa halionekani wala bustani, na kitanda kimezama gizani kama kilichowekwa stoo.

Chanzo ni jua letu. Hapa karibu na ikweta, mchana wa jua kali, nje panaweza kuwa na mwanga mara mia moja na zaidi kuliko kona ya chumba. Jicho hujirekebisha lenyewe likitoka kitandani kwenda dirishani, wala huhisi. Kamera haiwezi. Ndani ya picha moja huchagua upande mmoja na kuupoteza wa pili.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: badilisha saa. Kampala jua halifiki juu kabisa saa sita mchana, bali karibu saa saba kasoro dakika kumi, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya digrii 45 nasi tuko kwenye digrii 32 na nusu hivi. Kwa hiyo saa mbaya zaidi ni kuanzia saa tano mpaka saa tisa. Chumba chenye dirisha la mashariki kipige alasiri, cha magharibi kipige asubuhi, ili jua liwe limehamia upande wa pili wa nyumba na dirishani uingie mwanga wa anga peke yake, mpole, usio na mistari mikali sakafuni.

Kuhusu madirisha ya kaskazini na kusini, tahadhari. Masomo mengi ya picha yameandikwa Ulaya, nayo husema dirisha la kaskazini lina mwanga mpole siku zote. Kwao ni kweli. Kwetu si kweli. Mwezi wa sita jua letu liko upande wa kaskazini wa anga, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na mwishoni mwa mwezi wa tatu na wa tisa linapita karibu juu ya utosi. Chumba cha Entebbe kinachotazama ziwa kwa upande wa kusini kinaweza kuwa kipole mwezi wa sita na kikawa na jua mpaka kwenye mito mwezi wa kumi na mbili. Usikariri dirisha, liangalie siku hiyo. Hoteli zenye veranda pana husalimika zaidi, kwa kuwa jua la juu haliwezi kupenya chini ya paa.

Na usiogope msimu wa mvua. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na tena wa tisa hadi wa kumi na moja, mawingu meupe hutandaza mwanga kama chandarua kilichofunikwa mbele ya jua. Baadhi ya picha zangu bora za ndani nilizipiga nusu saa baada ya mvua kukatika, majani ya bustani yakiwa bado yanang'aa nje.

Dawa ya pili ni jioni, jua likishazama. Mwaka mzima jua letu hutua karibu na saa moja jioni, na giza huingia haraka: tangu jua kuzama mpaka kiza ni dakika ishirini hivi, basi. Ndani ya dakika hizo kuna muda mfupi ambapo mwanga wa nje unalingana na taa za kando ya kitanda, na dirisha huwa na rangi ya buluu iliyokolea. Mandhari yanaonekana na chumba kinaonekana, bila ufundi wowote. Lakini utapata chumba kimoja tu kwa jioni, labda viwili vinavyopakana. Tandika kila kitu na usimamishe tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, halafu subiri. Mimi huiweka jioni kwa chumba ambacho hoteli inakiuza ghali kuliko vyote.

Dawa ya tatu ni kupiga picha kadhaa za mwanga tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta. Kamera iwe kwenye tripodi, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, kisha ubadilishe kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga: sekunde 1/250, 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1, sekunde 4. Ya kwanza itashika mandhari ya dirishani, ya mwisho itashika uvungu wa meza. Hapa watu wengi hukwama, na kosa huwa dogo: kati ya picha na picha kuna kitu kimesogea. Feni ya dari imezunguka, pazia limepeperuka, neti imetikisika kwa upepo, na picha zikiunganishwa unapata pazia lenye kivuli chake pembeni kama mzimu. Zima feni, funga dirisha, shika neti itulie, subiri sekunde kumi bila kutembea, ndipo ubonyeze.

Simu nyingi hufanya muunganisho huo zenyewe, ila hupenda kuzidisha, chumba kikatoka kijivu kila mahali bila kivuli. Gusa kioo cha simu pale pembeni mwa dirisha, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole kabla ya kupiga.

Wenye flashi huielekeza juu ili mwanga urudi kutoka kwenye dari. Ni njia nzuri kama dari ni jeupe. Kwenye kambi za wageni karibu na mbuga, dari ni la mbao, matete au nyasi. Ukilipiga flashi, mwanga unarudi na rangi ya chai. Huko mwombe mtu asimame nyuma yako ashike shuka jeupe kwa mikono miwili, uielekeze flashi kwenye shuka.

Shuka za manjano, ukuta wa buluu, bafu la kijani

Meneja wa nyumba moja ya wageni aliniletea picha yenye kitanda cha rangi mbili. Upande wa kichwani ulikuwa manjano kama samli, upande wa miguuni ulikuwa na ubuluu wa baridi, na nyuma mlango wa bafu ulioachwa wazi ulitoa ukijani. Alikuwa ameshanunua simu mpya kwa ajili hiyo. Simu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Balbu ya mwanga wa joto ni 2700 hadi 3000. Jua la mchana ni karibu 5500. Kivulini, chini ya anga la buluu, hupanda mpaka 7000 na zaidi. Zile balbu nyeupe za LED zilizojaa madukani kwetu huwa 6500, na mirija ya zamani ya bafuni ina ukijani wake. Jicho husamehe yote hayo. Kamera huamini mwanga mmoja tu kuwa ndio mweupe, na kila mwanga mwingine huugeuza rangi.

Ndiyo sababu naanza kwa kuzima. Chagua mwanga mmoja uwe bwana wa picha. Kama dirisha linatosha, basi dirisha peke yake, taa zote zimezimwa. Picha ikitoka na ubaridi, ongeza joto kidogo wakati wa kuhariri. Ni kazi ya sekunde tano, kwa sababu picha nzima ina kosa moja. Ukiacha taa zimewaka, utakuwa unapaka rangi sehemu kwa sehemu mpaka usiku.

Kama chumba ni cha nyuma na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, fanya kinyume. Funga mapazia, washa taa, hakikisha balbu zote ni za aina moja. Hapo ndipo hoteli nyingi huanguka, kwa sababu balbu ikiungua huwekwa yoyote iliyopo. Nimekuta chumba kimoja kina balbu nne za rangi tatu. Siku hizi mimi hubeba balbu nane za 3000, nusu za skrubu na nusu za pini, na hubadilisha kabla ya kupiga. Tena humshauri mwenye hoteli anunue za namna hiyo kwa vyumba vyote; mgeni naye atapumzika macho.

Ukizima taa zote na rangi bado ni mbaya, toka nje uangalie ardhi. Uwanja wa udongo mwekundu uliopigwa na jua hurusha uchungwa mpaka kwenye dari. Migomba iliyo karibu na dirisha hutia ukijani kwenye shuka. Pazia zito la rangi ya damu ya mzee, jua likipita ndani yake, hukipaka chumba kizima. Sogeza pazia lisiguswe na jua, au subiri jua litoke kwenye uwanja huo, au tandika shuka kuukuu jeupe chini ya dirisha upande wa nje. Hilo la mwisho linaonekana la ajabu kwa wapita njia, lakini linafanya kazi.

Jambo moja la mwisho hapa. Wengi hupima weupe wa kamera, ule mpangilio wa WB, kwa kuelekeza kwenye shuka. Shuka za hoteli zimefuliwa kwa sabuni zenye kung'arisha, na wengine bado wanatia buluu kwenye maji ya kusuuzia. Shuka hilo lina ubuluu tayari, kwa hiyo kamera itaongeza manjano kulifidia na ukuta utaharibika. Tumia kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha isiyo na rangi nyingine ndani yake, uilaze katikati ya kitanda, upige picha moja ya kumbukumbu, na weupe uupimie kwenye kadi hiyo.

Kuta zimelala, mlango unaanguka

Umeinamisha kamera, au umeiinua. Hakuna chanzo kingine. Kamera ikitazama chini, kuta hukaribiana kwa chini. Ikitazama juu, hukaribiana kwa juu. Mtu mrefu anayepiga akiwa amesimama lazima ainamishe ili apate kitanda, na kabati litaonekana linataka kumwangukia mgeni.

Shusha kamera yenyewe badala ya kuinamisha lenzi. Kwa chumba cha kulala, sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni zinatosha, kama usawa wa kifua cha mtu wa wastani. Washa mistari ya gridi kwenye simu, linganisha mstari wima na ukingo wa mlango. Ikibaki kidogo, programu ya kuhariri picha ya Snapseed ina zana ya kunyoosha na Lightroom pia, lakini kunyoosha hukata kingo za picha, kwa hiyo acha nafasi pembeni.

Chumba kimegeuka ukumbi

Dalili hii mwenye hoteli haioni kuwa ni dalili. Huipenda. Anayeiona ni mgeni.

Nilikuwa mapokezi ya hoteli moja Mbarara, nimerudi kupiga picha za mgahawa, pale mgeni mmoja mtu mzima kutoka Nairobi alipopanda na dada wa mapokezi kuoneshwa chumba. Mlango ulikuwa wa kwanza baada ya ngazi, kwa hiyo nilisikia yote. Alisimama kizingitini, begi bado mgongoni, simu ameishika mbele yake kama afisa anayelinganisha pasipoti na sura.

"Dada, hiki ndicho kile cha kwenye picha?"

"Ndicho, mzee wangu."

"Pale niliona kochi na nafasi ya kutembea. Hapa nikifungua begi, nitapita juu yake."

Dada yule alinyamaza. Alikuwa hana la kusema, na hakuwa na kosa. Picha ile niliipiga mimi, kwa lenzi pana sana ya milimita 12. Mgeni alilala usiku mmoja badala ya mitatu aliyokuwa ameweka. Tangu siku hiyo lenzi hiyo haitoki nyumbani kwa kazi ya vyumba.

Lenzi pana huvuta vitu vya karibu na kusukuma vya mbali, hivyo mita tatu zikaonekana sita. Hulipa kwa kingo: mto ulio pembeni mwa picha hunyooka kama gunia, stuli ya duara huwa yai. Kwa kamera ya sensa kubwa (full frame), baki kati ya milimita 20 na 24, na usishuke chini ya 16 hata bafuni. Kwa simu, lenzi ya kawaida ile ya 1 ni karibu milimita 24 hadi 26. Anza nayo, ukiwa umegandamiza mgongo kwenye kona au umesimama mlangoni. Ile ya 0.5 itumie ukishashindwa kabisa, na uhakikishe hakuna kitu muhimu pembeni.

Kama chumba ni kidogo, kubali kuwa ni kidogo. Piga picha tatu: kitanda na dirisha, meza na kiti, kona ya kutundikia nguo. Mgeni ataziunganisha kichwani mwake, na akifika atakuta alichokiona. Chumba kidogo kilichotandikwa vizuri kina wateja wake.

Mistari ya giza imekatiza picha

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikiwa ya haraka kama 1/250, inakamata mpepeso katikati na kuacha mistari ya mlalo. Weka 1/100, 1/50 au polepole zaidi. Zima shata ya kimya ya kielektroni kama kamera yako inayo, maana huongeza tatizo. Kwenye simu tumia hali ya kujipangia mwenyewe, au tafuta mpangilio wa 50 Hz. Taa zenye kitufe cha kupunguza mwanga ziwashe mpaka mwisho. Na ikiwa hoteli iko kwenye jenereta ndogo inayopanda na kushuka, zima tu taa, hutaishinda.

Ukungu kuzunguka taa, chenga, picha isiyokaza

Ukungu unaozunguka kila taa karibu siku zote ni mafuta ya vidole kwenye lenzi ya simu. Ifute kwa kitambaa laini cha pamba. Naweka jambo hili hapa kwa sababu nimeona watu wanafuta picha mia moja kabla ya kufuta lenzi.

Chenga, zile punje punje kwenye picha, ni ISO iliyopanda kwa sababu kamera imeshikwa mkononi gizani. Tripodi inaondoa hilo. Ukishaiweka, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise, na kama sakafu ni ya mbao usitembee wakati shata iko wazi. Kiangazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, vumbi la barabarani huingia hata ndani ya mkoba. Lenzi ibadilishie ndani, kamera ikitazama chini.

Kitanda kinaonekana kimelaliwa

Hapa kamera inasema kweli na jicho ndilo lililodanganya. Kunyanzi ambalo hulioni ukiwa umesimama huonekana kama bonde mwanga wa dirisha ukilipiga kutoka ubavuni.

Shuka pigia pasi likiwa limeshatandikwa. Ukipigia pasi mezani kisha ukalikunja na kulibeba, unaleta mistari ya mikunjo kitandani. Vuta shuka chini ya godoro kwa watu wawili, pande mbili kwa mara moja, kisha pitisha pasi isiyo moto sana juu, kuanzia kati kwenda ukingoni. Mito itwangwe kwa viganja pembeni, siyo juu, ili isimame. Zipu na mdomo wa foronya vitazame mbali na kamera. Kisha rudi ulipoweka kamera, uitazame picha, siyo kitanda. Pengo la uvungu, waya wa chaja, kona ya godoro iliyochungulia, vyote utaviona kwenye picha kabla ya kuviona chumbani.

Neti ni habari yake. Wapo wapiga picha wanaoiondoa kabisa ili chumba kionekane kama cha Ulaya. Sikubaliani nao. Malaria ipo, mgeni anajua ipo, na neti safi kwenye picha inamwambia kuwa hoteli imemfikiria. Tatizo ni jinsi inavyofungwa: fundo moja kubwa linaning'inia juu ya kitanda kama mzinga wa nyuki, na kivuli chake kinaanguka kwenye mito.

Aliyenifundisha kulitatua ni mhudumu wa vyumba huko Jinja, dada mwenye asili ya Busia. Nilikuwa nahangaika juu ya kiti, nafunga na kufungua, naye amesimama na ndoo yake akinitazama.

"Kaka, shuka kwanza. Usifunge fundo, viringisha kama kilemba."

"Nionyeshe, dada."

Alikusanya neti yote kwa mkono mmoja karibu na usawa wa kiuno, akaisokota mara tatu kuelekea kulia, akaipandisha huku akiizungusha yenyewe kwa yenyewe mpaka ikafika chini ya duara la juu, kisha ncha akaichomeka kwa ndani kutokea juu. Hakuna fundo, hakuna ncha inayoning'inia. Ikawa ndogo, imekaza, ya kupendeza. Alitumia kama nusu dakika. Kwa kitanda chenye nguzo nne fanya tofauti: ifungue yote, uikusanye kwenye kila nguzo, uifunge kwa utepe kwa urefu ule ule, ukipima kwa kiganja na siyo kwa macho. Na neti iliyogeuka kijivu ifuliwe siku moja kabla. Hakuna uhariri utakaoisafisha bila kuharibu ukuta wa nyuma yake.

Wewe mwenyewe uko kwenye picha

Kioo cha kuvalia, televisheni, vigae vya bafu, hata varnishi nzito ya kabati za mbao nyekundu, vyote hurudisha sura. Sogea hatua moja kando, au shusha kamera, mpaka kioo kionyeshe ukuta au pazia. Televisheni ukiigeuza kidogo tu inaacha kuonyesha dirisha. Chujio la polaraiza, lile la kuvalishwa mbele ya lenzi, hupunguza mng'ao wa varnishi na vigae, ila halisaidii kitu kwenye kioo cha kuvalia.

Bafuni: kifuniko cha choo chini, matone yafutwe, dawa ya meno na ndoo vitoke nje, simama mlangoni. Kama taa ya bafu ni ya kijani na hakuna dirisha, badilisha balbu.

Kwenye simu yangu ni nzuri, kwenye tovuti ya hoteli ni mbovu

Umezituma kwa WhatsApp kama picha, nazo zimebanwa. Zitume kama dokyumenti, au uziweke Google Drive. Kama ukali upo lakini rangi zimefifia, rudi kwenye programu ya kuhariri uzitoe kwa mfumo wa rangi wa sRGB, siyo Adobe RGB. Na ziwe za mlalo. Picha ya wima ya chumba hukatwa kichwa na miguu kwenye kurasa nyingi za kuwekea nafasi.

Hakuna kosa, lakini picha haina uhai

Mara nyingi chumba kimesafishwa mpaka kikapoteza mahali kilipo. Tafuta kitu cha hapa ambacho chumba tayari kinacho: kitenge miguuni mwa kitanda, kikapu cha ukindu, kipande cha olubugo ukutani, lile gome la mti wa mutuba ambalo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005. Kiache kiguswe na mwanga wa dirisha. Fort Portal, kama dirisha linatazama Rwenzori, amka mapema kabla mawingu hayajaifunika milima. Lakini usilete sahani ya matunda au maua ambayo mgeni hatayakuta. Nimeshaombwa mara nyingi, na mara zote nimemwuliza mwenye hoteli kama atayaweka kila siku. Akisema ndiyo, tunapiga.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Endelea. Entebbe, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba tisa, umeme ulikatika saa tatu na nusu asubuhi nikiwa chumba cha pili. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima ambaye wote pale humwita Hajati, alitaka kutuma kijana akawashe jenereta. Nikamwomba anipe muda. Vyumba vilivyobaki vilitazama magharibi, jua lilikuwa upande wa pili wa paa, na hapakuwa na taa hata moja ya kugombana na dirisha. Nilipiga f/8, ISO 100, sekunde moja, wakati mwingine mbili, chumba baada ya chumba. Umeme uliporudi saa sita kasoro, tulikuwa tumebakiza bafu mbili. Jioni Hajati alipozitazama picha kwenye kompyuta, aliniomba nivirudie vile vyumba viwili vya kwanza, taa zikiwa zimezimwa.